Bili ya maji au LUKU imekukata kimakosa: kosa liko wapi na fedha inarudije

Dai la "bili yangu mwezi huu ni kubwa mno" halifiki mbali. Mhudumu atafungua akaunti, ataona usomaji wa mwezi uliopita na wa mwezi huu, atatoa, atazidisha kwa bei, na jibu litakuwa lilelile lililoko kwenye ankara. Kompyuta haikosei kutoa na kuzidisha. Kosa huwa limeshaingia kabla: tarakimu imesomwa vibaya, dira imeandikwa jina lisilo lake, nyumba imewekwa kundi la bei lisilo lake. Mara nyingine huingia baadaye, malipo yakiangukia akaunti ya mtu mwingine. Kila kosa lina dalili yake na ushahidi wake, kwa hiyo anayefika ofisi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, akiwa ameshajua analodai ni lipi hazungushwi kama anayefika na hasira tu.

Soma dira mwenyewe kwanza

Dira ya maji, ambayo wengi tunaiita mita, ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Nyekundu, pamoja na vishale vidogo vya pembeni, ni vipande vya uniti na haviingii kwenye usomaji wa bili.

Piga picha moja inayoonyesha tarakimu na namba ya dira kwa pamoja. Namba hiyo huchongwa kwenye pete, kwenye kifuniko au ubavuni. Picha ya tarakimu peke yake haithibitishi ni dira ya nani, na hapo ndipo madai mengi hukwama. Kisha linganisha na ankara: namba ya dira, usomaji uliopita, usomaji wa sasa, tarehe.

Dira ikisoma leo namba iliyo chini ya ile ya ankara ya wiki mbili zilizopita, umekwisha kushinda nusu ya dai. Dira iliyofungwa sawasawa kwa kawaida hairudi nyuma. Ikisoma juu, na ongezeko linaendana na siku zilizopita, basi usomaji ulikuwa sahihi na kuna kitu kilichoizungusha kweli. Hizo ni njia mbili tofauti. Usizichanganye kwenye barua moja.

Dalili: uniti zimeruka ghafla, na dira iko chini ya ankara

Hapa aliyekosea ni msomaji au mfumo, si bomba. Sababu ni tatu kwa kawaida.

Ya kwanza ni tarakimu kupishana: dira inasema 00417, ikaandikwa 00471. Kuna kipimo cha haraka ambacho wahasibu wanakijua: chukua usomaji wa ankara, toa ulio sahihi, ugawanye kwa 9. Tarakimu zikiwa zimebadilishana nafasi, haibaki kitu. 471 kutoa 417 ni 54, na 54 kwa 9 ni 6. Hesabu hii haithibitishi kosa peke yake, lakini ukiiweka kando ya picha, mhudumu anaona papo hapo kilichotokea.

Ya pili ni kusoma tarakimu nyekundu kama nyeusi. Dira yenye 00417 na nyekundu ya kwanza 3 inaandikwa 4173. Bili inayotokana na hilo ni ya maelfu ya uniti na mara nyingi mfumo huikataa, lakini dira ikiwa mpya na namba bado ndogo, 8.6 kugeuka 86 hupita bila mtu kushtuka.

Ya tatu ni makadirio. Geti lilifungwa, mbwa yuko nje, au kisanduku cha dira kimejaa mchanga baada ya mvua, basi msomaji hakuona kitu. Dalili yake ni miezi miwili au mitatu yenye uniti zilezile, au namba za mviringo kama 20, 20, 20. Makadirio hujirekebisha yenyewe dira ikisomwa kweli, kwa hiyo ukidai marejesho ya makadirio ya Machi wakati usomaji halisi wa Aprili umeshayafuta, utaambiwa huna dai, na itakuwa kweli. Dai linabaki tu pale bei ya kundi lako ikiwa na ngazi: uniti za miezi mitatu zikirundikwa mwezi mmoja, nyingine hupanda ngazi ya juu. Omba zigawanywe kwa miezi yake.

Ipo na ya nne, ambayo ni adimu lakini ikitokea ni kubwa. Dira ya zamani imebadilishwa, mpya imeanza sifuri, na usomaji wa mwisho wa ile ya zamani haukuandikwa. Mfumo unaona 1,284 mwezi uliopita na 12 mwezi huu. Ama unakadiria, ama unadhani dira imezunguka hadi 99,999 na kuanza upya, na hapo utadaiwa uniti 98,728. Siku fundi anapokuja kubadilisha dira, piga picha ya zote mbili kabla hajaondoka.

Dalili: uniti zimepanda, na dira inakubaliana na ankara

Anza na kwako. Chagua siku ambayo maji yanatoka, funga koki zote za ndani pamoja na ya kuingiza maji kwenye tenki, halafu tazama kinyota au kigurudumu kidogo kilichoko usoni mwa dira kwa dakika 15. Kikizunguka, maji yanapita. Funga koki iliyo karibu kabisa baada ya dira. Kikisimama, mvujo uko kati ya koki hiyo na nyumba. Kikiendelea, koki yenyewe haifungi, badilisha ndipo urudie.

Mshukiwa wa kwanza Dar es Salaam si bomba lililo chini ya ardhi. Ni boya la tenki. Maji ya mgao huja usiku wa manane watu wamelala, tenki linajaa, boya halifungi, na maji yanamwagika taratibu juu ya bati hadi alfajiri. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku. Yakitoka mfululizo siku 30 ni uniti 43. Tafuta alama ya kijani ya ukoga ukutani chini ya tenki. Maji yaliyopotea baada ya dira ni yako, usitegemee kurudishiwa fedha. Unachoweza kuomba ni kulipa kwa awamu, na ombi huwa na uzito likiambatana na risiti ya fundi bomba.

Mshukiwa wa pili ni upepo. Mabomba yakikauka wakati wa mgao, hewa hujaa ndani, na msukumo ukirudi hewa hiyo hutangulia maji na kuzungusha dira. Gurudumu la dira halijui tofauti ya hewa na maji. Ukweli ni kwamba upepo unasingiziwa kuliko unavyostahili: kwa nyumba nyingi ni sekunde chache za kuzomea kwa koki, si uniti 20. Lakini kwenye miinuko na mwisho wa laini, huko Kimara na kwingineko, unaweza kuwa wa kila mgao. Ushahidi ni video moja isiyokatwa: koki inatoa upepo, kamera inahamia dirani, tarakimu nyekundu zinakimbia. Rekodi mara tatu kwa siku tofauti, ukitaja saa. Omba kuwekewa valvu ya kutolea hewa pamoja na marekebisho. Ukipewa marekebisho peke yake, mwezi ujao mtarudi palepale.

Mshukiwa wa tatu ni dira yenyewe, na hapa kuna kipimo cha nyumbani. Andika tarakimu zote, nyekundu zikiwemo. Jaza madumu kumi ya lita 20 kutoka koki moja, nyingine zote zimefungwa. Dira inatakiwa isogee lita 200, yaani 0.200. Tatizo ni dumu. Likijazwa hadi mdomoni hupita lita 20, na kosa hilo la dumu ni kubwa kuliko kosa unalolitafuta. Tumia mizani: pima dumu tupu, kisha lijaze hadi uzito uongezeke kilo 20, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Dira mpya ya kawaida inaruhusiwa kukosea hadi 2% kwa mtiririko wa kawaida na 5% kwa mtiririko mdogo, kwa hiyo kwa lita 200 usilalamike kwa 203. Ikisoma 212 na kuendelea, na umerudia mara mbili, omba dira ipimwe rasmi. Wakala wa Vipimo wana kituo cha uhakiki Misugusugu, Kibaha, na cheti chao kina uzito ambao madumu yako hayana.

Usiing'oe mwenyewe. Lakiri ikikatika, dai lako linageuka kuwa tuhuma juu yako. Acha fundi wa mamlaka aitoe, usomaji uandikwe mbele yako, nawe ubaki na nakala.

Ikithibitika dira inazidisha kwa 8%, marejesho si 8% ya bili. Uniti 40 zilizosomwa zigawanye kwa 1.08, unapata 37.04, kwa hiyo unachorudishiwa ni uniti 2.96 kwa mwezi. Ni tofauti ndogo na wanaokokotoa 3.2, lakini dai lenye hesabu sahihi halina pa kushikwa.

Dalili: bili haifanani na maisha ya nyumba hiyo

Nyumba ilikuwa tupu miezi miwili na bili ni ya uniti 40. Au nyumba ina wapangaji sita na inadaiwa uniti 12. Hapa shuku dira zilizopishana, kosa linalotokea pale dira nyingi zinapofungwa safu moja: magorofa ya Kariakoo, vyumba vya kupanga Sinza, viwanja viwili vilivyounganishwa siku moja na fundi mmoja. Hakuna anayekuwa ameiba. Namba za dira mbili zimeandikwa kwenye fomu kwa kubadilishana, na zimebaki hivyo.

Jaribio ni rahisi lakini linahitaji jirani. Kila mtu afungue koki moja ndani mwake. Funga koki ya dira unayoamini ni yako. Maji ya nani yamekatika? Yakikatika ya jirani, jibu mmelipata, ila msiishie hapo: fungua, kisha funga ya pili, kwa sababu zipo nyumba ambazo bomba la choo cha nje limeungwa kwenye laini ya pili na dira zote mbili zinawahudumia watu wawili. Zima pampu na funga maji ya tenki kabla ya kuanza, la sivyo maji ya tenki yatawadanganya. Halafu linganisha namba iliyochongwa na iliyoko kwenye ankara ya kila mmoja.

Marekebisho hufanywa kwa akaunti zote mbili kwa pamoja. Tuseme umetozwa uniti 38, 41 na 40, jumla 119, na dira iliyo yako kweli ilisoma 12, 14 na 13, jumla 39. Unadai 80. Kwa mfano wa bei ya sh 1,800, weka yako iliyoko kwenye ankara, ni sh 144,000, na tozo zinazokokotolewa kwa asilimia nazo zishuke. Lakini uniti hizo 80 hazipotei hewani. Zinahamia kwa jirani. Mweleze kabla hajaletewa ankara, na mwandike barua moja yenye sahihi mbili mkiomba deni lake lilipwe kwa awamu. Dai la upande mmoja huchelewa kwa sababu ofisi inabidi imtafute mwingine, naye hana haraka.

Dalili: uniti ni sawa, lakini kuna mistari usiyoielewa

Tozo ya majitaka ndiyo ya kutazama kwanza, maana hukokotolewa kwa kufuata maji uliyotumia na hivyo hupanda nayo kila mwezi. Inawahusu waliounganishwa kwenye mtandao wa majitaka, kama maeneo ya katikati ya jiji na Upanga. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ina mashimo na makaro ya nyumbani. Ukitozwa wakati una karo lako, ushahidi bora ni risiti za gari la kunyonya majitaka, picha ya karo, na barua ya serikali ya mtaa inayosema eneo halijafikiwa na mtandao. Omba ukaguzi wa nyumbani, marejesho tangu mwezi wa kwanza wa tozo, na tozo ifutwe kwenye akaunti. Ukisahau hilo la mwisho itarudi.

Kundi la bei: nyumba ya kuishi inayotozwa kama biashara. Mara nyingi chanzo ni fremu mbili za duka mbele ya nyumba, zinazotumia dira ileile. Hapo mamlaka haijakosea. Tenganisha kwa kuomba dira ya pili ya fremu. Fremu zikiwa zimefungwa au zimebomolewa, hilo ni dai la kweli kuanzia tarehe ya taarifa yako, kwa hiyo toa taarifa mapema.

Deni la nyuma la aliyekuuzia nyumba: dai hili linasimama juu ya karatasi mbili, mkataba wa mauziano wenye tarehe, na usomaji wa dira wa siku ya makabidhiano. Bila usomaji wa siku hiyo, mpaka kati ya maji yake na yako haupo.

Ada ya kurejeshewa huduma wakati ulishalipa kabla ya kukatiwa: onyesha saa ya muamala dhidi ya saa ya kukatwa.

Dalili: umelipa, deni halijashuka

Tazama namba ya malipo kwenye ujumbe wa simu. Namba ya malipo ya serikali huwa na tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ilinganishe na ya ankara, tarakimu kwa tarakimu. Zikiwa sawa, malipo yamechelewa kuingia. Peleka ujumbe wenye namba ya muamala. Zikiwa tofauti, umemlipia mtu mwingine, na fedha ikishafika, kuirudisha si kazi ya mtandao wa simu. Omba ofisi ihamishe malipo kutoka akaunti ile kuja yako, ukiambatisha nakala ya kitambulisho na taarifa ya miamala iliyopigwa muhuri na mtandao. Wahi. Akaunti uliyoilipia ikiwa na deni, fedha yako inalimeza, na kila mwezi unaopita unaongeza ugumu.

Upande wa LUKU

LUKU ni umeme wa kulipia kabla. Kabla ya kudai, kokotoa. Kwa bei ya T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, uniti ni sh 292, na juu yake kuna VAT 18%, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) 1%, jumla 22%. Gawanya fedha yako kwa 1.22, kisha kwa 292. Sh 10,000 inatoa uniti 28.07. Ukipata 23.86, kuna sh 1,500 iliyokatwa kwanza, nayo ni kodi ya majengo ya mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Ukipata 15.44 imekatwa 4,500: ni miezi mitatu imelimbikizwa kwa sababu hukununua. Hayo si makosa.

Kosa ni nyumba moja yenye mita tatu kukatwa kodi hiyo mara tatu, au nyumba ya chini kukatwa kama ghorofa. TANESCO, shirika la umeme, hukusanya tu kodi hii. Dirisha la umeme halitairudisha. Andaa orodha ya namba za mita zote za jengo, hati au barua ya umiliki, na risiti tatu, na uanzie kwenye dawati la kodi ya majengo. Na kwa mwenye nyumba mwenye wapangaji: kodi hii ni yako, si yao. Mpangaji anayekatwa kwenye mita yake ana haki ya kuifidia kwenye pango.

Ukikosea namba ya mita wakati wa kununua, usiitupe tokeni. Tarakimu zake 20 zimefungwa kwa mita ile tu, hazitaingia kwingine, lakini zimekuja kwenye simu yako, na mwenye mita hajazipata. Ilimradi hujamtumia mtu, peleka ujumbe na risiti ofisi ya TANESCO. Fedha ikikatwa na tokeni isije, omba itumwe tena kabla ya kununua mara ya pili. Na mita ya zamani inayokataa kila tokeni huenda haikuboreshwa kabla ya Novemba 24, 2024, siku mita zisizoboreshwa zilipoacha kupokea tokeni mpya. Hapo unahitaji tokeni za kuiboresha, si marejesho.

Barua

Iwe ukurasa mmoja, nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mfano:

"YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHIWA ANKARA, AKAUNTI NA. …
Husika na somo tajwa hapo juu. Ankara ya mwezi … inaonyesha usomaji wa 00471. Dira Na. … ilisoma 00423 tarehe …, kama picha iliyoambatishwa inavyoonyesha. Naomba: (1) usomaji usahihishwe, (2) kiasi cha sh … kirejeshwe kwenye akaunti, (3) kiasi kinachobishaniwa kisitumike kunikatia huduma wakati suala linashughulikiwa. Nimelipa sh …, wastani wa miezi mitatu iliyopita."

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya muhimu. Anayelipa sehemu isiyobishaniwa haonekani mkwepa deni. Barua iandikwe na mwenye jina la akaunti. Mpangaji au mtoto wa marehemu aambatishe idhini au barua ya usimamizi wa mirathi.

Barua isipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, hatua inayofuata ni EWURA, wenye ofisi ya Kanda ya Mashariki hapa Dar es Salaam. Watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na muhuri wa kupokelewa ndio uthibitisho. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, husaidia kuandaa lalamiko bila malipo. Uamuzi wa EWURA nao hukatiwa rufaa Baraza la Ushindani.

Fedha inavyorudi

Usitarajie noti mkononi. Njia ya kawaida kwa maji ni salio kwenye akaunti, linaloonekana kama kiasi chenye alama ya kutoa na kuliwa na bili zinazofuata. Fedha taslimu au ya benki ina maana pale akaunti inapofungwa, nyumba imeuzwa na salio limebaki. Omba kabla ya kufunga, kwa usomaji wa mwisho. Kwa LUKU fidia ya umeme kwa kawaida huja kama uniti.

Ankara ya mwezi unaofuata ikija, usitazame jumla tu. Tazama mstari wa usomaji uliopita. Kama salio limeingia lakini usomaji uliopita bado ni 00471 wakati dira sasa inasoma 00438, wamerekebisha fedha na kuacha namba. Mfumo utaona dira imerudi nyuma, utakadiria tena, na dai lilelile litazaliwa upya. Rudi siku hiyohiyo na ile nakala yenye muhuri, uwaonyeshe ombi namba (1).